SOMO: VITA VYA KUTUNGWA
Leo tujifunze jinsi askari awezavyo kupigania uongo bila kujua.

Usiku wa 18 Septemba 1931, karibu na Mukden (sasa Shenyang) nchini Uchina, baruti ililipuka kwenye reli ya Wajapani. Madhara yalikuwa madogo, hata garimoshi likapita salama. Waliotega baruti ni maofisa wa Japani wenyewe, wakawasingizia Wachina. Askari wa kawaida, waliozoezwa kutii tu, wakaishambulia kambi ya Wachina usiku uleule, wakidhani wanajibu uchokozi. Kufikia 1932 Manchuria ilikuwa mikononi mwa Japani.

Tunajifunza nini? Tuwafundishapo watoto kutii, tuwafundishe pia kuuliza: "Nani aliyeona?"

Swali la kujadiliana: Juma hili tumesambaza habari gani bila kujua ilikotoka?