Shabiki wa Pop Kwenye Usiku wa Kantri

Umelelewa na pop, na sasa una mkononi tiketi ya Tuzo za CMA, Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani. La kwanza ninalokuomba: usiende kumsubiri msanii mmoja. Mashabiki wengi wa pop hufunga safari hadi Nashville, zinakotolewa tuzo hizo, kwa ajili ya jina moja tu walilolikuta kwenye ratiba. Usiku kucha wapo kwenye simu, wanainuka jina hilo linapopanda jukwaani, kisha wanatoka wakisema kantri haina ladha. Tiketi zile ni ghali na shughuli huchukua saa tatu. Dakika tano za msanii wako haziwezi kuilipa safari.

Nasema hivi nikiwa mtu wa pop hasa. Nyumbani kwetu Nakuru baba ndiye aliyekuwa na kaseti za mwimbaji wa kantri Jim Reeves, nami nilikuwa nikizikimbia nikafungulie redio yangu chumbani. Kilichonifungua masikio baadaye ni kutambua kwamba nilikuwa nasikiliza mahali pasipo. Katika pop tunangoja kiitikio. Ndicho tunachokiimba bafuni na ndicho tunachokichezea. Katika kantri kiitikio ni mahali pa kupumzika tu, kisa kiko kwenye beti. Kiitikio kilekile kinachoimbwa mara tatu huwa na maana tatu, kwa sababu kila ubeti umeongeza jambo: mtoto amekua, mzee amefariki, nyumba imeuzwa. Ukilikosa neno moja la ubeti wa pili umepotea njia.

Kwa hiyo kazi yako inaanza wiki kadhaa kabla, majina ya wanaowania yanapotangazwa. Usijitwishe mzigo wa kusikiliza kila kitu. Chukua nyimbo tano zinazowania Wimbo wa Mwaka, kila moja uisikilize mara mbili huku ukisoma maneno yake. Hapo ujue pia tofauti inayowachanganya wageni wengi: Singo ya Mwaka na Wimbo wa Mwaka ni tuzo mbili. Singo hutazama rekodi iliyotoka, nayo humwendea mwimbaji pamoja na waliomtengenezea. Wimbo humwendea aliyeutunga, hata kama hajaimba silabi moja katika rekodi hiyo. Mwaka 2023 jambo hili lilionekana waziwazi. Mwimbaji wa kantri Luke Combs alikuwa ameurudia "Fast Car", wimbo ambao Tracy Chapman aliutoa mwaka 1988. Combs akabeba Singo ya Mwaka, na Chapman akapata Wimbo wa Mwaka baada ya miaka 35, akiwa mtunzi wa kwanza Mweusi kupewa tuzo hiyo. Hakuwepo ukumbini. Asiyejua tofauti ya tuzo hizi angedhani wimbo mmoja umezawadiwa mara mbili kwa makosa.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba kura si zako. Washindi huchaguliwa na wanachama wa CMA, watu wanaofanya kazi katika tasnia hiyo: watunzi, wapiga ala, watayarishaji, watu wa redio. Kampeni ya mtandaoni ya mashabiki haisogezi kitu. Ukishalielewa hilo utatulia, wala hutaumia roho msanii wako akirudi mikono mitupu.

Na huenda akarudi mikono mitupu, maana mvutano kati ya pop na kantri katika tuzo hizi ni wa zamani. Mwaka 1974 Olivia Newton-John, mwimbaji wa pop kutoka Australia, alichaguliwa Mwimbaji Bora wa Kike mbele ya waimbaji wa kantri Loretta Lynn na Dolly Parton. Baadhi ya wasanii wa Nashville walikasirika hadi wakakutana nyumbani kwa waimbaji wenzao George Jones na Tammy Wynette na kuunda chama chao. Taylor Swift alishinda tuzo kubwa kuliko zote, Mtumbuizaji Bora wa Mwaka, mwaka 2009 na tena 2011, kabla hajahamia pop moja kwa moja. Beyoncé alipanda jukwaa la CMA mwaka 2016 pamoja na kundi lililoitwa wakati huo Dixie Chicks, na maneno makali yakamwandama mitandaoni. Albamu yake ya kantri ya mwaka 2024 haikupata hata uteuzi mmoja wa CMA, ilhali Februari 2025 ilishinda Grammy ya Albamu ya Mwaka. Mimi naona CMA walikosea. Hata hivyo, ukikaa karibu na mtu usiyemjua, usifungue mazungumzo kwa kuuliza ipi ni kantri ya kweli. Muulize alianza kumsikiliza nani utotoni. Utapata simulizi nzima, na pengine jina la msanii ambaye hukuwahi kumsikia.

Kama ratiba inaruhusu, fika Nashville siku mbili mapema. Mtaa wa Broadway, ulipo ukumbi wenyewe wa tuzo, Bridgestone Arena, umejaa baa zenye bendi tangu mchana. Nyingi hazina kiingilio. Wapiga muziki hutegemea bakshishi inayotiwa kwenye ndoo au mtungi mbele ya jukwaa. Aliyewahi kutunza katika taarabu hahitaji kufundishwa: sogea mbele na noti yako, itie, rudi. Tofauti ni kwamba hapa huchezi wala humwekei mwimbaji noti mwilini. Ukiomba wimbo, tangulia kutoa.

Ila darasa lenyewe halipo Broadway. Lipo Bluebird Cafe, nje kidogo ya katikati ya mji, kimkahawa cha viti tisini hivi kilichobanwa kwenye safu ya maduka ya kawaida. Kilifunguliwa mwaka 1982. Watunzi watatu au wanne hukaa duara katikati ya wateja, kila mmoja na gitaa lake, wakipokezana: huyu anaimba aliouandika, mwenzake anamsindikiza, kisha anaeleza ulizaliwaje. Meza iko karibu kiasi cha kusikia kucha zikigusa nyuzi. Anayezungumza hunyamazishwa, na ni haki. Mara nyingi utasikia wimbo unaoujua kwa sauti ya nyota mkubwa, sasa ukiimbwa taratibu na mzee mwenye miwani ambaye ndiye mwenye maneno. Weka nafasi mapema kwa sababu hujaa haraka. Ukitoka hapo hutasikiliza tuzo kwa masikio yaleyale.

Kuhusu mavazi, usihangaike sana. Novemba Nashville kuna baridi, hasa ukitoka ukumbini usiku, hivyo koti ni lazima. Buti ni sawa, lakini zisiwe za kununuliwa siku hiyo. Buti mpya za ngozi hutoa malengelenge kabla hujavuka Broadway mara mbili. Kofia ya pama ina adabu zake. Usimguse mtu pama yake, wala usiijaribishe kichwani bila ruhusa. Ukiiweka mezani, igeuze ikalie kichwa, ukingo utazame juu. Ukiwa kitini mwako, kumbuka aliye nyuma yako naye amelipa. Ikifika sehemu ya kuwakumbuka waliofariki, ivue.

Shughuli kwa kawaida huanza saa moja usiku za Nashville na hurushwa mubashara, kwa hiyo uwe umeketi kabla. Mahitaji mengine yote, choo, maji na simu, yasubiri matangazo ya biashara. Lakini usiondoke kila yanapokuja. Angalau mara mbili baki kitini uone mafundi wanavyobomoa jukwaa moja na kusimamisha jingine kwa dakika chache, jambo ambalo mtazamaji wa televisheni halioni kamwe. Angalia masharti ya mikoba kwenye tovuti ya ukumbi kabla ya kutoka hotelini, na ubebe kitambulisho. Pombe huuzwa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, na wataomba ushahidi hata ukiwa na mvi.

Bendi ikianza, usimkodolee macho mwimbaji peke yake. Mtafute aliyekaa nyuma ya gitaa lililolala kama meza ndogo. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unateleza na kipande cha chuma juu yake, nyayo zinakanyaga pedali, magoti yanasukuma vyuma vilivyo chini. Ile sauti inayolia kama mtu aliyezuia machozi inatoka kwake. Kuna tuzo ya Mwanamuziki wa Mwaka kwa wapiga ala kama hao. Msikilize na mpiga banjo, ukijua kwamba chombo hicho kilifika Marekani pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, waliokitengeneza kwa kufuata ala za kwao Afrika Magharibi. Baba yangu hakuwa akisikiliza muziki wa watu wa mbali kama nilivyodhani.

Msanii wako wa pop akipanda, shangilia kwa moyo wote. Si kosa kumpenda. Akimaliza, kaa. Mara nyingi anayefuata ni kijana mwenye gitaa moja ambaye hujawahi kulisikia jina lake, na beti zake ndizo utakazorudi nazo hotelini.

Aliyebaki Nairobi au Dar es Salaam ajue kwamba saa moja usiku ya Nashville mwezi Novemba ni saa kumi alfajiri kwetu. Na ambaye bei ya tuzo imemshinda asikate tamaa: kila Juni mji huohuo hufanya CMA Fest, tamasha lililoanza mwaka 1972 likiitwa Fan Fair, na majukwaa yake kadhaa ya mchana hayana kiingilio. Anza kuweka nauli sasa.