Kufundisha Haki na Vita: Mfano wa Vita vya Kagera

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la sita katika shule moja ya msingi huko Kalinzi, nikimsikiliza mwanachuo akifundisha Vita vya Kagera. Tarehe zote alizitaja bila kukosea. Ndipo mvulana mmoja akauliza: "Mwalimu, kama adui alikwisha kufukuzwa Kagera, askari wetu walifuata nini Kampala?" Mwanachuo akajibu: "Haki ilikuwa yetu. Kaa chini." Mtoto akakaa, na somo likafa papo hapo.

Swali lile halikuwa utovu wa adabu. Ndilo wanaloulizana wataalamu wa maadili ya vita na uhusiano wa mataifa. Makala haya yaeleza namna ya kulipokea.

Maarifa ya mwalimu

Wataalamu huligawa suala hili katika maswali matatu: Je, sababu ya kuingia vitani ni ya haki? Je, vita vinapiganwa kwa haki? Je, vinamalizwa kwa haki? Jibu la swali moja si jibu la jingine.

Kwanza, sababu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui vipo. Kujilinda ni haki inayotambuliwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945. Lakini Januari 1979 majeshi yetu yalivuka mpaka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine; hivyo katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania. Walioitetea walisema kwamba Amin ndiye aliyeanza, tena alikuwa ameua raia wake kwa maelfu.

Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Makerere, aliligusa jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha 1967 juu ya amani ya Afrika, alichunguza wazo kwamba Waafrika wenyewe ndio wawe walinzi wa amani ya bara lao. Lakini nani ampe jirani kazi ya ulinzi? Mkataba wa kuanzisha Umoja wa Afrika, wa mwaka 2000, uliupa Umoja haki ya kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Haki hiyo ni ya Umoja, si ya nchi moja peke yake.

Pili, mapigano. Mutukula ilipotekwa, mji ulibomolewa na raia waliuawa. Mwalimu Nyerere alichukizwa, akaamuru raia na mali zao wasiguswe. Mwenye sababu ya haki aweza naye kukosea.

Tatu, kumaliza. Majeshi yetu yalibaki Uganda hadi 1981, na katika muda huo Lule na Binaisa waliondolewa madarakani mmoja baada ya mwingine.

Hatua za somo

1. Utangulizi. Anza na mpaka wa shamba. Jirani akiusogeza na kung'oa mibuni yako, waweza kumrudisha nyuma. Je, waweza kumfuata hadi nyumbani kwake? Na ukisikia anawaua watoto wake?

2. Maarifa mapya. Chora ramani ubaoni, uonyeshe Kagera, Mutukula na Kampala, ukisimulia matukio kwa mfuatano.

3. Kazi ya makundi. Makundi matatu yapewe swali moja moja kati ya yale matatu.

4. Majadiliano. Kila msemaji aeleze kwanza hoja ya wasiokubaliana naye, kisha atoe yake. Usitoe hukumu, dai sababu.

5. Hitimisho. Kila mwanafunzi aandike sentensi mbili: msimamo wake, na hoja inayomsumbua.

Tahadhari

Kalinzi haiko mbali na mpaka wa Burundi, na mkoa wa Kigoma ulipokea wakimbizi wengi mwaka 1972 na 1993. Huenda darasani yumo mtoto ambaye wazee wake walivuka mpaka usiku. Usimsimamishe atoe ushahidi. Akitaka kusema, msikilize. Huenda pia yumo mjukuu wa askari aliyefika Kampala. Aelezwe kwamba kuuliza kama uamuzi ulikuwa wa haki si kumtukana babu yake.

Zoezi kwa mwanachuo

Andaa somo la dakika arobaini kwa hatua hizi. Kabla ya kuingia darasani, andika jibu ambalo ungempa yule mvulana, kisha jibu ambalo angepewa na mjumbe wa Sudan kule Monrovia. Kama huwezi kuliandika la pili kwa haki, bado hujawa tayari kulifundisha somo hili.