Wazee Wetu Wasirukwe Katika Huduma
Somo la ushirika wa nyumbani
Maandiko: Matendo 6:1–7, 1 Timotheo 5:3–16

Wiki hii nataka tukae kidogo katika Matendo sura ya 6, kwa sababu hapo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa limejaa Roho Mtakatifu. Miujiza ilikuwepo, maombi yalikuwepo, na chakula pia kilikuwepo. Lakini wajane waliozungumza Kigiriki walikuwa wakirukwa kila siku wakati wa kugawa. Hatuambiwi kuna mtu aliyewachukia. Msaada ulikuwepo, ila haukuwafikia.

Mitume walifanya nini? Hawakuwaambia wajane wavumilie. Hawakusema tuombe tu, mambo yatajipanga yenyewe. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, Roho na hekima, wakabidhiwe kazi hiyo. Na ukiyaangalia majina yao, Stefano, Filipo na wenzao, yote ni ya Kigiriki. Kazi ilipewa watu wanaoijua lugha ya wale waliokuwa wakisahaulika. Mstari wa 7 unaonyesha matokeo: Neno likaenea, wanafunzi wakaongezeka.

Sasa tuje hapa kwetu. Wazee wengi wako katika hali ile ile. Huduma ziko, lakini tangazo lilitolewa kwenye baraza ya chifu ambayo mzee hakufika kwa sababu ya magoti. Ama ujumbe ulikuja kwa simu, kwa Kiingereza, mjukuu akaufuta. Kwa hivyo mzee hahitaji tu kuombewa na kuletewa unga wakati wa Krismasi. Anahitaji mtu wa kumshika mkono mpaka ofisini.

Nimeandamana na wazee wa ushirika wetu kwa muda sasa. Hapa ndipo pa kuanzia.

1. Naibu wa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii

Ofisi ya maendeleo ya jamii iko katika kaunti ndogo yako. Uliza kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Anayepokea pensheni haingii. Usajili haufanyiki kila siku, hutangazwa kwa vipindi, kwa hivyo jina la mzee wako lifahamike kwa naibu wa chifu mapema. Usajili ni bure. Mtu akikuomba "kitu kidogo" ili jina liingie, huyo anakuibia.

Kabla ya kwenda, tazama kitambulisho. Kuna mama mmoja kwetu ambaye kitambulisho kilisema ana miaka 64, na kifungua mimba wake ana 58. Hesabu hiyo hata Sara angecheka! Tulitafuta kadi yake ya ubatizo na barua ya chifu, tukaenda ofisi ya usajili wa watu. Ilichukua miezi, lakini ikarekebishwa. Hakuna mzee anayeweza kuifanya safari hiyo mara nne akiwa peke yake.

2. Afya

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mzee aliyekuwa NHIF asidhani ameshaingia, ni lazima ahakikishe amesajiliwa. Unaweza kuanza kwa simu ukipiga *147#. Aliyesajiliwa hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango bila kulipa, kwa sababu ngazi hiyo hugharamiwa na serikali. Kwa kulazwa katika hospitali kubwa, mchango unahitajika. Hupimwa kulingana na mapato ya nyumba, na hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Watoto, changeni mapema. Harambee ya bili hugharimu kuliko mchango.

Pia, mjue mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, yule tunayemwita CHP. Tangu 2023 wengi wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari, na kazi yao ni kufika nyumbani. Mzee asiyeweza kutembea, mwambie CHP aweke nyumba hiyo kwenye ziara zake.

3. Ulemavu

Mzee aliyepoteza macho, masikio au miguu anaweza kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kukaguliwa katika hospitali ya serikali. Uliza huko kuhusu viti vya magurudumu na vifaa vingine vya kumsaidia.

4. Mzee anapoumizwa

Hapa naomba tusikilizane. Kuna wazee wanaonyimwa chakula na watoto wao wenyewe. Kuna wanaofukuzwa ili shamba liuzwe. Kule Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu tu ya mvi na macho mekundu. Mzee anayesahau majina, anayepotea njia ama kuongea peke yake usiku, mara nyingi ni mgonjwa. Mpeleke hospitali, na maombi yaendelee. Asiitwe mchawi, na hasa asiitwe hivyo kutoka madhabahuni.

Katiba yetu, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia yake pamoja na serikali. Ukiona dhuluma, nenda kwa chifu ama polisi, ama piga 1195, ni bure.

Jambo lingine: ile pesa ya Inua Jamii ni ya mzee. Ukichaguliwa kumchukulia kama mlezi, mletee yote mkononi, hata kama una deni dukani.

Familia kwanza, halafu kanisa

Paulo katika 1 Timotheo 5 anaanza na watoto na wajukuu. Hao ndio wa kwanza kuwajibika, ili kanisa lipate nafasi ya kuwasaidia walio peke yao kabisa. Na kulikuwa na orodha, ya wajane waliofika miaka 60. Ajabu ni kwamba Katiba ya Kenya nayo inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60.

Lakini tusimtwishe mtu mmoja mzigo. Katika nyumba nyingi kuna binti mmoja anayemwosha mama, anamlisha, halali usiku, na ndugu zake wanatuma "pole" kwa simu. Dada huyo akiacha kuja ibada, msimuulize imani yake imeenda wapi. Mmoja wenu akae na mama yake Jumapili moja, naye apate kuabudu.

Na kama mzee hana mtu kabisa, nyumba za wazee zipo, kama ile ya PCEA kule Thogoto na Nyumba ya Wazee ya watawa Wakatoliki kule Kasarani. Si aibu kuuliza.

Kazi ya wiki hii

Kila ushirika uandike orodha ya wazee wake wote, hata wasiokuja kanisani. Mbele ya kila jina jazeni: kitambulisho kiko sawa? SHA? Inua Jamii? Nani anaishi naye? Nani atamsindikiza? Hiyo nafasi ya mwisho isibaki wazi.

Maswali ya kujadili
a) Katika mtaa wetu, ni mzee gani anayerukwa, na ni nini kinachomzuia kufikiwa?
b) Kwa nini mitume waliona kazi ya kugawa chakula inahitaji watu waliojaa Roho?
c) Ni nani kati yetu anayemtunza mzazi peke yake, na tutampumzisha siku gani?

Tuombe: Baba, tupe macho ya kuwaona wanaorukwa, na miguu ya kuwafikia. Katika jina la Yesu, amina.