Kufundisha Tando za Ubongo kwa Mfano wa Malale

Mara nyingi mwanafunzi hukariri majina ya tando tatu za ubongo, akajibu mtihani, kisha akayasahau. Sisi walimu twachangia kosa hilo tuchorapo duara tatu ubaoni bila kueleza kazi yake. Katika Mkoa wa Tabora tunao mfano wa karibu, nao ni ugonjwa wa malale.

Kabla ya somo, tuwakumbushe wanafunzi njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Ilikatiza mapori ya miombo yenye mbung'o. Wanyama wengi wa mizigo walikufa kwa nagana, hivyo pembe na nguo zilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Katika mapori ya magharibi ya mkoa, upande wa Urambo na Kaliua, warina asali na wawindaji wameugua malale.

Hatua ya kwanza: kutazama kwa macho

Tupate kichwa cha mbuzi aliyechinjwa siku hiyo, tukipasue kwa msumeno. Chini ya mfupa wanafunzi wataona utando mgumu, mweupe, usiochanika upesi. Chini yake upo utando wa buibui, mwembamba mno. Wa tatu, utando mwororo, umeshikamana na ubongo na kuingia katika kila mkunjo wake. Baina ya huo wa pili na wa tatu hupita maji ya ubongo na uti wa mgongo. Wengine hutumia mfano wa karanga. Haukosi faida, lakini karanga haina maji baina ya ngozi na kokwa, na maji hayo ndiyo kiini cha somo letu. Wote wanawe kwa sabuni.

Hatua ya pili: kutazama kwa hadubini

Pasipo slaidi, tuchore mchoro mkubwa. Tuonyeshe seli za neva zenye nyuzi ndefu, na seli za kutegemeza zenye umbo la nyota, ambazo miguu yake huzunguka mishipa midogo ya damu. Kuta za mishipa hiyo zimeundwa kwa seli zilizobanana sana. Huo ndio mlango wa ubongo: hupitisha vitu vichache, huzuia vingi.

Hatua ya tatu: mlango unapovunjwa

Mwanzoni vimelea vya malale hukaa katika damu na limfu. Kwa malale ya Afrika Mashariki, baada ya majuma au miezi michache huvuka na kuingia ubongoni. Tando huvimba, na chembechembe nyeupe huzunguka mishipa kama mkono wa kanzu uzungukavyo mkono wa mtu. Mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia mchana, na asipotibiwa hufa. Aldo Castellani aliviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa huko Entebbe, Uganda, mwaka 1902. Hata sasa daktari huyapima maji hayo: akikuta kimelea, au chembechembe nyeupe zaidi ya 5 katika maikrolita moja, hujua kuwa ugonjwa umefika hatua ya pili.

Hapa mwanafunzi ataona faida ya kujua tando. Kwa miaka mingi suramini ilitibu hatua ya kwanza tu, kwa kuwa haipenyi vema ubongoni. Hatua ya pili ilihitaji melasoproli, dawa yenye aseniki, iliyoua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, vidonge vya kumeza vinavyofaa kwa hatua zote mbili.

Maswali ya kupima

1. Kwa nini dawa iponyayo damu yaweza kushindwa kuponya ubongo?
2. Mrina asali ana homa baada ya kuumwa na mbung'o. Tumshauri nini, na kwa nini asingoje?

Mwanafunzi akilijibu la pili kwa kueleza kazi ya tando, tumefaulu. Huenda siku moja jibu hilo likamwokoa baba yake.