Chumvi, Sukari na Maji ya Kisima: Kemia ya Kila Siku Katika Nyumba za Kwale

Katika jikoni nyingi za Kaunti ya Kwale, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni na Vanga, chumvi na sukari hukaa kwenye rafu moja. Zote ni nyeupe, zote ni chembechembe na zote huyeyuka majini. Hata hivyo, kikemia ni vitu vya aina mbili tofauti. Mzazi anayejua tofauti hiyo ataelewa kwa nini kipimo cha chumvi na sukari kinaweza kumwokoa mtoto anayeharisha. Fundi ataelewa kwa nini mchanga wa bahari huharibu nyumba, na kila mkaazi ataelewa kwa nini baadhi ya dawa za usafi hazifai kukutana.

Kampaundi ni nini?

Kila kitu kimeundwa kwa atomi. Atomi za elementi mbili au zaidi zikiungana, hutoa kitu kipya kinachoitwa kampaundi. Kuna njia mbili kuu za kuungana.

Ya kwanza ni ya kutoa na kupokea. Atomi ya sodiamu hutoa elektroni moja, na atomi ya klorini huipokea. Iliyotoa hubaki na chaji chanya na iliyopokea hupata chaji hasi. Atomi zenye chaji huitwa ioni. Kwa kuwa chaji chanya na hasi huvutana, ioni hizo hushikamana kwa nguvu. Hivyo ndivyo chumvi ya mezani inavyoundwa, nayo ni kampaundi ya ioni.

Njia ya pili ni ya kushirikiana. Atomi hutumia elektroni kwa pamoja bila yeyote kuzichukua moja kwa moja, na kundi la atomi zilizoungana hivyo huitwa molekuli. Sukari, maji, mafuta ya nazi na gesi ya kupikia ni kampaundi za aina hii, zinazoitwa kampaundi za kovalenti.

Tofauti hii huonekana jikoni. Sukari ikiwekwa kwenye sufuria kavu motoni huyeyuka, hugeuka kahawia na kuungua. Chumvi haiyeyuki kwa moto wa jikoni, kwani huhitaji joto la takriban nyuzi 801 za Selsiasi. Ikiyeyuka majini, ioni za chumvi hutawanyika na kuyawezesha maji kupitisha umeme vizuri. Maji ya sukari hayafanyi hivyo. Ndiyo sababu mtu aliyetoka baharini, au mwenye jasho mikononi, hapaswi kushika swichi au waya kabla ya kujikausha.

Zinapatikana wapi Kwale?

Pwani ya kusini ina kampaundi za ioni kwa wingi. Mawe ya matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Yakichomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi, hutoa gesi ya kaboni dioksaidi na kubaki chokaa. Msikiti wa Kongo ulio Diani, karibu na mlango wa Mto Mwachema, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na umesimama kwa karne nyingi. Madini yaliyochimbwa Msambweni na kampuni ya Base Titanium hadi mwishoni mwa mwaka 2024 pia yamo katika kundi hili. Madini hayo yana oksidi ya titani, ambayo ikisafishwa hutumika kutengeneza rangi nyeupe ya kupaka nyumba.

Kwa upande wa kovalenti, kuna sukari ya miwa ya Ramisi na mafuta ya nazi. Sabuni huunganisha pande zote mbili. Hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali, na kila chembe yake ina kichwa cha ioni kinachopenda maji na mkia wa kovalenti unaoshika mafuta. Kwa hiyo sabuni huweza kuondoa grisi ambayo maji matupu hayawezi.

Chumvi na sukari zinaposhirikiana

Kuhara huua kwa sababu mwili hupoteza maji pamoja na ioni za sodiamu na potasiamu. Maji matupu hayatoshi kurudisha kilichopotea. Utumbo una milango midogo ambayo hupitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na vikipita, maji hufuata. Milango hiyo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu. Hii ndiyo siri ya dawa ya ORS: ioni na molekuli za sukari huingia pamoja na kuvuta maji ndani ya mwili.

Pakiti ya ORS ya lita moja, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi, gramu 1.5 za potasiamu kloridi na gramu 2.9 za sodiamu sitreti. Pakiti nyingine ni za nusu lita, kwa hivyo ni lazima kusoma maandishi kabla ya kuchanganya.

Iwapo pakiti haipo, na safari ya kwenda zahanati ni ndefu, mchanganyiko wa nyumbani ni huu:

1. Maji safi, yaliyochemshwa na kupoa au kutiwa klorini, lita moja kamili.
2. Sukari, vijiko vidogo sita vya chai, vilivyosawazishwa juu.
3. Chumvi, nusu kijiko kidogo cha chai, kilichosawazishwa juu.

Koroga hadi vyote viyeyuke. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, na aliyezidi umri huo mililita 100 hadi 200, kidogo kidogo. Mtoto anyonye na kula kama kawaida. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe.

Kipimo kisibadilishwe. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na sukari ikizidi huvuta maji kuelekea tumboni na kuongeza kuhara. Kwa sababu hiyo soda haifai. Maji ya dafu ni kinywaji kizuri, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hivyo hayawezi kuchukua nafasi ya ORS. Mtoto aombewe pia vidonge vya zinki kituoni. Akiwa na macho yaliyodidimia, amelegea, hawezi kunywa au anahara damu, apelekwe hospitali mara moja huku akiendelea kupewa ORS njiani.

Maji ya kisima

Visima vingi vya ukanda wa Tiwi, Diani na Msambweni huchota maji yaliyopita kwenye miamba ya matumbawe. Maji hayo hubeba ioni za kalsiamu. Ndiyo maana sabuni haitoi povu kwa urahisi, na birika hujenga ukoko mweupe. Ukoko huo hauna madhara. Ukiloweka birika kwa maji ya ndimu au siki, utaona mapovu ya kaboni dioksaidi na ukoko utalegea.

Karibu na ufuo, kisima kikichotwa kupita kiasi, maji ya bahari hupenya chini ya ardhi na maji huwa ya chumvichumvi. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji huwa mvuke, ioni hubaki. Klorini nayo huua vijidudu lakini haiondoi chumvi.

Wakati wa masika, maji ya juu na ya vyoo huweza kuingia visimani. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini. Kisha tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa.

Mambo ya kuepuka

Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ina sodiamu haipokloriti. Ikichanganywa na asidi ya kusafisha choo, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na usiweke nyingine papo hapo.

Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii ya kovalenti haina rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Jiko lisilazwe ndani usiku, hata kama mvua inanyesha.

Chokaa isiyozimwa huchemka ikikutana na maji, na huweza kupofusha macho. Fundi avae miwani, na watoto wakae mbali. Mchanga na maji ya bahari visitumike kuchanganyia saruji, kwani ioni za klorini huharakisha kutu ya nondo zilizo ndani, na ukuta hupasuka baada ya miaka.

Chumvi ya kupikia inayouzwa madukani imetiwa madini ya joto, yaani ayodini, ambayo ubongo wa mtoto aliye tumboni huihitaji. Unyevu huipunguza, hivyo chumvi ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Kwa mtu mzima, jumla ya chumvi kwa siku isizidi gramu 5, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ili kujikinga na shinikizo la damu.

Wakaazi wanaohitaji ORS, zinki au dawa ya kutibu maji waulize katika zahanati iliyo karibu au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao. Ni vyema kila nyumba yenye mtoto iwe na angalau pakiti mbili za ORS kabla masika hayajaanza.