SOMO LA KOMPYUTA: MICHEZO YA LINUX, NA FEZA TUNAZOCHANGA KABLA YA KUONA KITU



Safari hii somo letu la kompyuta ni juu ya michezo. Wengine watakunja uso: je, gazeti la shule ya kanisa linaandika juu ya michezo? Ndiyo, linaandika, kwa maana munacheza hata tusipoandika. Tena jambo la leo si mchezo peke yake, ni feza. Vijana wenye simu, hapa Baraka na kule Fizi, wanauliza hivi: "Ku intaneti kuna watu wanaomba mchango wa kutengeneza mchezo mupya, na wanaahidi utatembea hata ku Linux. Tuchange ao tusichange?" Hilo ni swali la kweli, tulitazame vizuri.

LINUX KWANZA

Kila kompyuta ina programu moja kubwa inayotawala zingine zote. Wengi wetu tunajua Windows, ya kampuni Microsoft. Linux ni njia nyingine. Moyo wake ulianza mwaka 1991, wakati Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika inchi ya Finland, alipotoa kazi yake mbele ya watu. Maandishi ya ndani ya programu yako wazi, kila mtu anaweza kuyasoma, kuyatengeneza upya na kuyagawia wengine. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa namna moja ya Linux akaiita Ubuntu. Neno hilo ni la ndugu zetu wa kusini, nalo ni ndugu kabisa wa neno letu "utu". Mwaka ule ule, mradi Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili.

Kwetu faida yake ni wazi. Mashine ya zamani ambayo Windows mupya inaikataa, Linux nyepesi itaikubali. Ukiwa nayo ku fleshi, unampa rafiki yako na hakuna mtu uliyemwibia. Hapa nasema kidogo pembeni: sisi tumezoea kwenda nyumba ya fotokopi, kunakiliwa mchezo wa kuuzwa kwa franka chache, na virusi juu yake. Hatuuiti wizi kwa sababu kila mtu anafanya. Fikirini ninyi wenyewe.

Kuna michezo ya bure inayotembea ku Linux bila intaneti, ukishaiweka mara moja. Tux Paint ni ya kuchora, kwa watoto wadogo. GCompris ina hesabu, herufi na mambo mengi ya shule ya msingi. SuperTuxKart ni mashindano ya vigari. The Battle for Wesnoth ni vita vya kufikiri, kila mtu kwa zamu yake, karibu kama dama. Na iko 0 A.D., ambayo tutaisema zaidi chini.

MCHANGO WA WATU WENGI

Mtu ana wazo la mchezo lakini hana feza. Anaandika wazo lake ku intaneti, anasema: nataka dola kiasi hiki, mukichanga nitawapa mchezo ukiisha. Watu elfu na elfu, wasiojuana, kila mmoja anatoa kidogo. Nyumba kubwa ya kazi hiyo inaitwa Kickstarter, ilifunguliwa New York mwaka 2009. Nyumba yenyewe inakata 5 kwa mia, na wanaopitisha feza wanakata yao tena. Kama kiasi kilichoombwa hakikufika, hakuna anayelipa kitu. Kikifika, feza zinaenda kwa mwenye wazo.

Mutasema: hiyo ni likilimba! Hapana. Katika likilimba unaona nyuso za wenzako kila juma, unajua nyumba ya kila mmoja, na zamu yako itafika na feza kamili. Wala si kama ile Bindo ya Kinshasa, iliyoanguka mwaka 1991, ambayo wazazi wetu wanaikumbuka kwa uchungu. Bindo iliahidi kwamba feza zitazaa feza. Mchango wa mchezo hauahidi faida. Unaahidi kitu ambacho hakijakuwako bado, kutoka kwa mtu usiyemjua. Kickstarter wenyewe wanasema wazi kwamba nyumba yao si duka. Mwenye wazo anapashwa kumaliza kazi, lakini akishindwa kwa moyo mweupe, feza zikiwa zimekwisha, utamdai nini?

Si kwamba wote ni wadanganyifu. Mwaka 2015 Ethan Mollick, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alitoa uchunguzi juu ya michango ya Kickstarter, akaona kwamba kazi karibu 9 katika 100 zilishindwa kuwapa wachangaji kile walichoahidiwa. Kwa hiyo wengi wanatimiza. Kuchelewa ndiyo desturi. Jirani zetu wa Ushahidi, kule Nairobi, waliomba mchango mwaka 2013 kwa ajili ya BRCK, kisanduku cha kushika intaneti hata umeme ukikatika. Walipata zaidi ya dola 172,000. Kisanduku kilichelewa mpaka 2014, lakini kilifika mikononi mwa watu.

Na Waafrika wa michezo? Kiro'o Games, ya Yaoundé katika Kameruni, chini ya Guillaume Olivier Madiba, iliomba euro 40,000 mwaka 2015 kwa mchezo Aurion, na ikapita kiasi hicho. Mchezo ulitoka Aprili 2016. Shikeni jambo hili: walipoomba, nyumba yao ya kazi ilikuwa imefunguliwa tangu 2013, na wafanyakazi walikuwa mezani wakichora. Waliomba feza za kumaliza, si za kuanza kuota. Lakini Aurion ulitoka kwa Windows, wala hawakudanganya mtu kwa neno la Linux.

MAHALI FEZA ZINAPOPOTELEA

Mwaka 2012 kampuni ndogo Winterkewl Games iliomba dola 250,000 kwa mchezo Yogventures, pamoja na kundi la Waingereza wenye sifa kubwa kwa video zao. Watu wakatoa zaidi ya dola 567,000. Julai 2014 mchezo ukafutwa. Mkubwa wa kampuni mwenyewe alieleza namna mambo yalivyoharibika: mchoraji mmoja alilipwa dola 35,000 zote mara moja, akafanya kazi majuma mawili hivi, akapata kazi kwingine, akaenda. Feza hazikurudi. Sasa, hapa kwetu, nani anamlipa fundi wa nyumba feza zote kabla hajachimba msingi? Mama zetu sokoni wasingefanya hivyo. Lakini watu wenye kusoma sana walifanya.

Hata mafundi wenye jina wanakosea hesabu. Mwaka 2012 Double Fine, ya Marekani, waliomba dola 400,000, wakapata zaidi ya milioni 3.3 kutoka kwa watu zaidi ya 87,000. Mungefikiri wamepona. Lakini feza zilipoongezeka, mchezo nao ukaongezeka katika vichwa vyao, na Julai 2013 wakasema feza hazitatosha. Ikawapasa kuukata Broken Age vipande viwili. Cha kwanza kilitoka Januari 2014, cha pili Aprili 2015. Hawa tuwasifu, walitimiza, na hata watu wa Linux walipata mchezo wao. Lakini someni Luka 14:28-30, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mara nyingi tunahubiri sehemu hiyo kama kwamba hatari ni kukosa feza tu. Huku feza zilizidi mara nane, na hesabu ilianguka vilevile.

Mfano unaoniuma zaidi ni Ouya. Kilikuwa kisanduku cha michezo cha kuunganisha ku televizyo, bei yake dola 99, kimejengwa juu ya Android, ambayo moyo wake ni Linux. Mwaka 2012 waliomba dola 950,000, wakapata zaidi ya milioni 8.5. Kisanduku kilitoka kweli mwaka 2013. Lakini wanunuzi hawakutosha. Mwaka 2015 kazi ikauzwa kwa kampuni Razer, na Juni 2019 mashine za mbali zilizokuwa zinahudumia duka lake zikazimwa. Mchezo uliohitaji kuuliza ruhusa kule mbali ukanyamaza, hata kama uliulipia. Mwenye kisanduku akabaki na chombo cha kuwekea vumbi.

MTU WA LINUX ANATUPWA WA KWANZA

Wachezaji wa Linux ni wachache kuliko wa Windows. Mwenye kuomba mchango anawahitaji siku ya kuomba, kwa sababu wanatoa kwa furaha wakisikia jina lao limetajwa. Lakini feza zikipunguka katikati ya safari, anapiga hesabu: kutengeneza kwa Linux kunataka siku nyingi, na watu ni haba. Basi hilo ndilo fungu analotupa ziwani kwanza, kama wasafiri wa mtumbwi wakiona mawimbi upande wa Ubwari.

Phoenix Point ni mfano. Watengenezaji wake, Snapshot Games wa Bulgaria, walichangisha zaidi ya dola 760,000 mwaka 2017, na Linux ilikuwa katika ahadi. Kabla mchezo haujatoka, Linux ikaondolewa. Kisha Machi 2019 wakapatana na kampuni Epic kuuza kwanza katika duka lake peke yake, na malalamiko yakawa makubwa. Walikubali kurudisha feza kwa waliotaka, na hilo lilikuwa neno zuri. Mchezo ulitoka Desemba 2019. Mtu wa Linux alikuwa ameishi na ahadi tu.

Tangu Agosti 2018 kampuni Valve imetoa Proton, chombo kinachowezesha michezo mingi ya Windows itembee ku Linux bila mwenye mchezo kufanya kitu. Kwa wenye mashine ya nguvu na intaneti nzuri shida imepunguka. Sisi wa paneli za jua bado tuko mbali na hayo.

KITU KISICHOKUFA PAMOJA NA KAMPUNI

Sasa tuone 0 A.D. Ni mchezo wa kujenga miji na kupigana vita vya zamani: Waroma, Wagiriki, Kartago, na tangu 2018 hata Kushi, ile munayoisoma katika Biblia. Unatengenezwa na watu wa kujitolea wanaojiita Wildfire Games. Julai 2009 walifungua maandishi yote ya ndani, kila mtu ayachukue. Mwaka 2013 waliomba mchango wa dola 160,000. Walipata karibu 33,000 tu, hata robo haikufika. Kwa mahesabu ya dunia walishindwa.

Lakini tazameni. Feza kidogo zile zilitumiwa kumlipa fundi. Kazi iliendelea. Januari 2025 walitoa toleo jingine, la bure kama yote yaliyotangulia, na linatembea ku Linux. Wildfire Games wakichoka kesho, maandishi yako mikononi mwa watu elfu na elfu. Kijana wa Mboko ao wa Dar es Salaam anaweza kuyachukua na kuendelea. Ouya ilipata feza mara zaidi ya mia mbili, na ilizimwa kutoka mbali kama taa.

Kwa hiyo, kwa mawazo yangu, swali "mtu huyu ni mwaminifu?" halitoshi. Mwaminifu naye anaugua, anafilisika, anahama. Swali kubwa ni hili: akishindwa, nini kitabaki mikononi mwetu? Kama maandishi ya ndani yako wazi tangu siku ya kwanza, na mchezo tayari unatembea hata kwa kilema, mchango wako umeingia katika kitu. Kama ni video nzuri na ahadi, umenunua ahadi.

NA SISI HAPA?

Kickstarter haipokei mwombaji anayekaa Kongo. Kijana wetu akitaka kuomba atapashwa kupitia mtu wa Ulaya ao wa Marekani, na hapo feza zinakaa katika jina la mtu mwingine. Apatane naye kwa maandishi, hata akiwa mjomba wake.

Jambo lililo karibu zaidi ni kuchanga sisi kwa sisi, kwa Airtel Money ao M-Pesa. Tuseme wanafunzi 40 wanatoa franka 5,000 kila mmoja, kusudi fundi fulani awafanyie mchezo wa kufundisha hesabu, wa kutembea ku Linux ya mashine za shule. Ni franka 200,000. Hapa hakuna Kickstarter ya kusema kiasi hakikufika, feza zirudi. Feza zikiisha kuingia katika simu ya mtu mmoja, ziko zake. Afazali zikae kwa watu watatu wanaoandika pamoja katika kaye moja, na mmoja wao awe mtu mzima, kwa mfano mwalimu wa kalasi. Fundi alete kwanza kipande kidogo kinachotembea, tukione ku mashine yetu wenyewe, si ku simu yake. Apewe sehemu. Alete kingine, apewe nyingine. Na kila anapoleta, aache pia maandishi ya ndani ku fleshi ya shule. Akikataa hilo la mwisho, mimi singetoa hata franka 500.

MASWALI (mujibu katika kaye, mulete kwa mwalimu wa kompyuta)

1. Eleza tofauti tatu kati ya likilimba na mchango wa Kickstarter.

2. Ouya iliomba dola 950,000 ikapata 8,500,000. 0 A.D. iliomba 160,000 ikapata 33,000. Piga kila moja kwa mia. Kisha eleza kwa nini hesabu hiyo haionyeshi mchezo gani ungali hai.

3. Katika mfano wa franka 200,000, fundi anataka nusu mbele, anasema ni ya kununua kompyuta yake. Utamjibu namna gani? Andika mapatano ya mistari mitano kati yake na wanafunzi.