SOMO LA AFYA: JE, NYAMA HUNENEPESHA?



Katika vijiji vyetu, toka Msimbati hadi mdomo wa Ruvuma, kitoweo cha kila siku ni samaki, pweza, kisamvu na kunde. Lakini korosho zinapouzwa, kuanzia Oktoba, nyama huonekana mezani, na chipsi na soda pamoja nayo. Ndipo watu huuliza: Je, nyama ndiyo inenepeshayo?

1. Mwili huweka akiba. Chakula kinachozidi kazi ya mwili hugeuzwa kuwa mafuta. Gramu moja ya protini au ya wanga hutoa kalori 4, lakini gramu moja ya mafuta hutoa 9. Kwa hiyo mnofu uliochemshwa si sawa na nyama nono iliyokaangwa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia chaongeza kalori zipatazo 120.

2. Nyama isilaumiwe peke yake. Chupa ya soda yaweza kuwa na sukari vijiko vya chai 7 au 8. Ugali wa muhogo nao, ukizidi, huwekwa akiba vile vile. Avutaye nyavu tangu alfajiri huitumia akiba hiyo. Akaaye dukani kutwa haitumii.

3. Tupime, tusikisie. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi. Mtu mzima, asiye mja mzito, agawe kilo zake kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 hupata 31. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa hatari, uletao kisukari na shinikizo la damu.

4. Watoto wasinyimwe. Nyama ina madini ya chuma yajengayo damu. Katika nyumba nyingi baba hupewa minofu, na mtoto huachiwa mchuzi. Desturi hii haifai. Mtoto anayekua na mama mja mzito waihitaji nyama kuliko mzee ambaye mshipi wake haumtoshi tena.

Katika Danieli sura ya 1 twasoma kwamba vijana wanne walikula mboga na kunywa maji siku 10, wakaonekana wanono kuliko waliokula chakula cha mfalme. Zamani kuwa mnono kulikuwa ni kuwa mzima. Leo yatupasa kutofautisha: si kila mnene ni mzima, wala si kila mwembamba ni mgonjwa.

Maswali ya kuzungumza:
(a) Nyumbani kwenu nani hupakuliwa nyama kwanza, na kwa nini?
(b) Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kijiko, au humiminwa tu?
(c) Fedha ya korosho ikija, chakula gani kiongezwe, na kipi kipunguzwe?